Kwa nini upime volti ya joto kwenye superkondakta, ilhali jibu ni sifuri?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya fizikia. Nimetengeneza vidonge vya kauri ya yitriamu, bariamu na shaba, nikapima ukinzani, na kweli unaanguka kwenye kelvini 88. Nilidhani kazi imekwisha. Msimamizi wangu amenirudisha maabara, anataka nipime na volti ya joto, ile ya Seebeck. Kila kitabu nilichosoma kinasema ndani ya superkondakta volti hiyo ni sifuri. Sasa napima nini? Na kama ukinzani umeshanionyesha kwamba nina superkondakta, hiyo volti itaniongezea nini?"

Marahaba. Msimamizi wako hajakuonea, na vitabu vyako navyo havijakosea. Volti ya joto ni sifuri chini ya halijoto ya mpito, yaani pale kitu kinapogeuka superkondakta na kupoteza ukinzani wake wote, kwako wewe chini ya kelvini 88. Anachokutuma ukakitafute kiko juu ya hapo, kuanzia kelvini 88 mpaka halijoto ya chumba ulichokaa. Watu wengi hupita eneo hilo mbiombio wakielekea kwenye mpito, nami nasikitika kila nikiona hivyo, maana fumbo kubwa la kauri hizi limelala huko. Tangu Georg Bednorz na Alex Müller walipozigundua mwaka 1986 kwenye maabara ya IBM karibu na Zürich, tumejifunza mengi kuhusu jinsi elektroni zinavyoungana jozi kwenye baridi. Jinsi zinavyotembea kabla ya kuungana ndiko kunakotusumbua mpaka leo.

Tuanze na namba yenyewe. Chukua kijiti chochote kinachopitisha umeme, upashe moto ncha moja. Elektroni za upande wa moto zina pilikapilika kuliko za upande wa baridi, kwa hiyo zinazohamia upande wa baridi ni nyingi kuliko zinazorudi. Zinarundikana huko mpaka volti iliyojengeka inazuia nyingine zisije. Gawa volti hiyo kwa tofauti ya halijoto kati ya ncha mbili, umepata namba ya Seebeck, inayoandikwa kwa mikrovolti kwa kila kelvini. Thomas Seebeck aliliona jambo hili mwaka 1821 akitumia metali mbili zilizounganishwa na sindano ya dira. Sindano ilipocheza alidhani joto limezaa sumaku. Kilichopita ni umeme, na sumaku ilifuata umeme.

Darasani huwa nawaambia wanafunzi wamfikirie hamali sokoni. Ukinzani unakueleza hamali anagongana na watu mara ngapi njiani. Namba ya Seebeck inakueleza amebeba mzigo kiasi gani, na mzigo wenyewe ni entropia, yaani vurugu ya joto inayosafiri na kila chaji. Ni maswali mawili tofauti. Unaweza kujua njia ina msongamano kiasi gani na usijue kabisa kilichomo kwenye gunia. Wewe mpaka sasa umeuliza swali la kwanza tu.

Sasa ile sifuri. Chini ya halijoto ya mpito elektroni zimeungana jozi, na jozi zote zinatembea kwa hatua moja. Kitu chenye mpangilio kamili namna hiyo hakina entropia ya kubeba, kwa hiyo hamali anatembea mikono mitupu. Kuna sababu ya pili, nayo ni ngumu zaidi kuikwepa: superkondakta haivumilii uga wa umeme ndani yake. Ungekuwepo hata kidogo, jozi zingezidi kuongeza kasi bila kukoma. Hivyo volti haiwezi kusimama. Lakini usidhani ndani kumekufa. Elektroni chache ambazo hazijaungana bado zinahama kutoka moto kwenda baridi, na mkondo wa jozi unarudi upande wa pili kiasi kilekile, vikafutana. Vitaly Ginzburg, Mrusi aliyekuja kupata Nobel mwaka 2003, alilieleza hilo mwaka 1944, na kwa kweli lilikuwa wazo la kijasiri wakati huo.

Sifuri hiyo ina kazi, na kazi ya kwanza itakugusa moja kwa moja. Huwezi kupima volti ya joto ya kitu peke yake. Lazima ufunge nyaya, na nyaya nazo ziko kwenye tofauti ileile ya halijoto, zinatoa volti yake. Unachosoma kwenye mita ni namba ya kauri ukitoa namba ya waya. Kwa halijoto ya chumba shaba ina takriban mikrovolti +1.8 kwa kila kelvini. Watu walijuaje ya shaba peke yake, kama kila kipimo ni tofauti ya vitu viwili? Mojawapo ya njia ni kufunga waya wa superkondakta upande wa pili. Huo unachangia sifuri kamili, na kinachobaki ni cha shaba tu. Zamani njia hii iliishia kelvini 18, kwenye mpito wa aloi ya niobiamu na bati. Kauri kama yako imeisogeza mpaka karibu kelvini 90. Yaani kidonge ulichonacho mkononi kinaweza kuwa kipimo ambacho metali nyingine zinapimiwa.

Turudi kwenye ukinzani wako, maana kuna jambo ninalotaka ulitazame upya. Ulipochora grafu, bila shaka jicho lilikwenda pale inapoanguka. Sasa weka rula kwenye sehemu iliyo juu ya mpito. Kama oksijeni yako iko karibu na kiwango kizuri, utaona mstari ulionyooka, au karibu sana na kunyooka, kutoka kelvini mia moja na kitu mpaka 300. Ukiuangalia haraka unaweza kusema ni metali ya kawaida, ukinzani unapanda na joto, basi. Hapana. Shaba hunyooka kwenye joto la juu, lakini ikipozwa mstari unapinda na kulala, kwa sababu mitikisiko ya fuwele inayozigonga elektroni inazidi kuganda. Kuna ndugu wa kauri yako, wa bismathi na stronshiamu, ambaye mpito wake uko chini sana, na ndiyo maana alisaidia: mwaka 1990 ilionyeshwa kwamba ukinzani wake unanyooka kutoka kelvini 10 hivi mpaka 700. Kwenye kelvini 10 mitikisiko ya fuwele karibu yote imelala. Ni nini basi kinachozigonga elektroni?

Na ukipanda juu mambo yanazidi kuwa magumu. Katika metali, ukinzani unapokua, umbali ambao elektroni inasafiri kabla ya kugongwa unafupika. Ukifika sawa na nafasi kati ya atomu na atomu, mstari unapaswa kupinda na kutulia, kwa sababu elektroni haiwezi kugongwa kabla hata haijaondoka. Kauri ya lanthanamu na stronshiamu imepimwa mpaka kelvini 1,000, na ukinzani ukaendelea kupanda kana kwamba mpaka huo haupo. Maana yake ni kwamba ile picha ya elektroni kama gololi inayogongwagongwa, picha tunayofundisha mwaka wa kwanza, hapa haifai tena.

Ukikokotoa muda kati ya mgongano na mgongano kutokana na mwinuko wa mstari huo, unapata kitu kinachonisisimua kila ninapokiandika ubaoni. Muda huo unakaribiana na namba ya Planck iliyopunguzwa, ile ya fizikia ya kwanta, ikigawanywa kwa namba ya Boltzmann, ile inayogeuza halijoto kuwa nishati, mara halijoto. Hakuna kingine ndani yake: hakuna uzito wa elektroni, hakuna nguvu ya mitikisiko, hakuna jina la kemikali. Kwa halijoto ya chumba ni takriban sekunde 25 zilizogawanywa kwa milioni bilioni. Mwaka 2004 Jan Zaanen wa Leiden aliuita muda wa Planck wa uharibifu wa mpangilio, na jina la "metali za Planck" likashika. Leiden ndiko Kamerlingh Onnes alikoona zebaki ikipoteza ukinzani mwaka 1911, kwenye kelvini 4.2. Miaka mingi ilipita, na mji uleule ukachangia namna ya kusema kinachotusumbua sasa.

Nimekaa sana kwenye ukinzani makusudi, ili uone unapoishia. Mstari ulionyooka unakuambia kuna jambo geni. Haukuambii wabebaji wa umeme ni wangapi, haukuambii kama ni elektroni au ni matundu, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni, zinazotembea kama chaji chanya, na katika kauri ya vidonge haukuambii hata ukubwa wake halisi. Hili la mwisho wanafunzi hulisahau. Kidonge chako ni punje nyingi ndogo zilizoungana kwenye tanuri, na kati yake kuna mipaka na mapengo ya hewa. Umeme unapopita unahesabu vizuizi vyote hivyo. Mwaka 1988 watafiti wa IBM walipima mpaka mmojammoja wa punje wakaona mkondo unaoweza kuvuka unaporomoka kwa kasi kadiri punje zinavyopishana pembe. Kwa hiyo ukinzani wako unaweza kuwa mara kadhaa ya ule wa fuwele moja safi, na mwenzako aliyechoma kidonge kwenye tanuri jingine atapata namba tofauti, ilhali kemia ni ileile.

Volti ya joto haina tatizo hilo, angalau si kwa kiwango hicho. Unapoipima hakuna mkondo unaopita, mita inazuia. Mpaka kati ya punje na punje unaweza kuwa mbaya kwa umeme na bado ukachangia kidogo tu, kwa sababu sehemu kubwa ya tofauti ya halijoto iko ndani ya punje zenyewe. Ndiyo maana vidonge vya kauri, ambavyo watu wa fuwele huvidharau, vimetoa vipimo vya Seebeck vinavyoaminika. Kwa mtu mwenye tanuri na mashine ya kubana vidonge, na asiye na chombo cha kukuzia fuwele, hii ni habari njema sana.

Sasa nifike kwenye kile ambacho, kwa maoni yangu, msimamizi wako anakitafuta. Superkondakta hizi huanza maisha kama vihami. Kauri yako ikiwa na oksijeni sita kwa kila fomula haipitishi umeme vizuri wala haina mpito. Unapoongeza oksijeni kuelekea saba, oksijeni inanyang'anya elektroni kwenye tabaka za shaba na oksijeni, inaacha matundu, na matundu ndiyo yanayobeba umeme. Kila kitu kinategemea matundu ni mangapi kwa kila atomu ya shaba. Yakiwa karibu 0.16, mpito unafika kileleni, kwa kauri yako kelvini 93 hivi. Yakipungua unashuka, yakizidi unashuka vilevile, na umbo ni kama kilima. Hapo ndipo ilipo hatari: mpito wa kelvini 88 unaweza kuwa upande wa kupanda au upande wa kushuka. Grafu yako ya ukinzani peke yake haitakuambia kwa uhakika uko upande gani.

Mwaka 1992 Obertelli, Cooper na Tallon walikusanya vipimo vya familia mbalimbali za kauri hizi, wakaona namba ya Seebeck kwa halijoto ya chumba inafuata mkunjo mmoja ukilinganisha na kiwango cha matundu. Bismathi, thaliamu, lanthanamu, zote kwenye mkunjo uleule. Matundu yakiwa 0.05, namba iko karibu na +150. Yakifika 0.10 imeporomoka hadi 22 hivi. Kileleni, kwenye 0.16, ni +2 tu, na kidogo mbele ya hapo inavuka sifuri na kuwa hasi. Angalia alama: upande wa kupanda ni chanya, upande wa kushuka ni hasi au karibu nayo. Kwa kipimo kimoja, bila kupoza chochote, unajua uko wapi kwenye kilima.

Tuseme umeifunga kauri yako kwa nyaya za shaba, ukaweka tofauti ya kelvini 2, mita ikasoma mikrovolti 8.4. Gawa kwa 2, unapata 4.2. Rudisha 1.8 ya shaba, unapata 6. Kati ya matundu 0.05 na 0.155 mkunjo wao ni 992 mara e ya kipeo cha hasi 38.1 mara matundu. Ukigeuza hesabu, 6 inakupa matundu 0.134. Weka namba hiyo kwenye mlinganyo wa kilima, ule unaosema mpito ni sawa na kilele mara moja kutoa 82.6 mara mraba wa umbali kutoka 0.16, na kilele ukiweke 93. Jibu ni kelvini 87.8. Ukipata hivyo, kipimo cha Seebeck na kipimo cha ukinzani vimethibitishana, na unajua kidonge chako kina upungufu wa oksijeni. Ukipata namba hasi ilhali mpito ni 88, ni kisa kingine kabisa.

Tahadhari moja ya kauri yako hasa. Mbali na tabaka, ina minyororo ya shaba na oksijeni inayopita kandokando, nayo inabeba umeme na kutoa volti yake ya joto. Oksijeni ikikaribia saba minyororo inakamilika, na mchango wake unaivuta namba itoke kwenye mkunjo. Oksijeni ikipungua minyororo inakatika, mchango unafifia. Kwa hiyo karibu na kilele usiutumie mkunjo kama sheria ya msahafu. Ukionyesha kwenye tasnifu kwamba unalijua hilo, mtahini yeyote mwenye uzoefu atakuheshimu.

Kuhusu kupima, nitakwambia ninavyofanya mwenyewe. Kata kijiti cha milimita 10 hivi kutoka kwenye kidonge kwa msumeno wa almasi. Usitumie maji kukipoza kikiwa kinakatwa, kwani kauri hii huharibika na maji, bariamu inatoka na kugeuka unga mweupe juu yake. Kama chuo chako kiko pwani, Dar au Mombasa, hata unyevu wa hewa ni adui, kwa hiyo vidonge vikae kwenye chupa iliyofungwa yenye chembe za kukaushia. Paka rangi ya fedha mahali pa kufunga nyaya kabla ya kukirudisha kwenye tanuri la oksijeni, ili fedha ishikane na kauri wakati inapata oksijeni, kwenye nyuzi 450 hivi, kisha uiache ipoe polepole. Nyaya za ukinzani ziwe nne, mbili za kuingiza mkondo na mbili za kusoma volti. Ukitumia mbili, unapima gundi yako.

Kwa Seebeck, bandika kipinga kidogo kwenye ncha moja kiwe jiko, ncha nyingine ishike kipande cha shaba. Kauri inapitisha joto vibaya sana, kwa hiyo tofauti ya kelvini moja au mbili hupatikana kwa urahisi. Usiridhike na nukta moja. Ongeza joto la jiko kidogokidogo, soma volti kwa kila tofauti ya halijoto, chora grafu na uchukue mwinuko. Viungo vya nyaya huzalisha volti zake za kizushi ambazo hazitegemei jiko, na kwenye mwinuko hizo hujitoa zenyewe. Maltimita ya fundi haitaona chochote, inahitajika inayosoma sehemu ya kumi ya mikrovolti au chini ya hapo. Na kabla ya hesabu yoyote hakikisha alama: ncha ya baridi ikiwa chanya, wabebaji wako ni matundu. Nimewahi kukaa wiki mbili nikishangilia sampuli yenye namba hasi, mpaka siku nilipofuata waya kwa kidole na kukuta nimezifunga kinyume.

Kwa baridi, naitrojeni iliyo kimiminika inachemka kwenye kelvini 77, na hiyo inakutosha kuuvuka mpito. Watu hudhani naitrojeni ni kitu cha vyuo vya Ulaya, wakati kila siku inasafiri vijijini kwenye mitungi ya wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe, kwani mbegu za madume huhifadhiwa humo. Kituo cha taifa cha uhimilishaji cha Usa River, Arusha, kinahusika nayo, na Kenya wana cha kwao Kabete. Barua nzuri kutoka idarani inaweza kukufungulia mlango. Fanyia kazi kwenye chumba chenye madirisha wazi, na usiwahi kuufunga mtungi kwa kifuniko kinachobana, utapasuka.

Uliuliza volti hii inaongeza nini, na mpaka hapa nimejibu kwa ajili ya kidonge chako. Nje ya maabara yako imefanya makubwa zaidi. Shida ya kauri hizi ni kwamba usuperkondakta unafunika kilichoko chini yake. Unapoipoza ili uone elektroni zikitulia, zinaungana na kila kipimo kinakuwa sifuri. Dawa ni kuuvunja usuperkondakta kwa sumaku kali mno. Mwaka 2007 huko Toulouse, Ufaransa, timu ya Cyril Proust na ya Louis Taillefer wa Sherbrooke, Kanada, walichukua fuwele safi zilizokuzwa Chuo Kikuu cha British Columbia, zenye matundu 0.10, wakaziweka kwenye mipigo mifupi ya sumaku. Waliona ukinzani ukiyumba kwa mpangilio, dalili kwamba chini ya pazia kuna elektroni zenye tabia ya metali. Na volti ya Hall, ile ya pembeni unapoweka sumaku, ikawa hasi. Hasi, kwenye kitu tulichokitia matundu!

Wengine walisita, kwani volti ya Hall kwenye sumaku inaweza kuchafuliwa na vizingia vya mkondo vinavyozunguka ndani ya superkondakta. Hapo Seebeck ikaja kama shahidi wa pili. Ilipopimwa kwenye sumaku kali, matokeo yaliyotoka mwaka 2010, nayo ikageuka hasi kwenye baridi. Mashahidi wawili wasiotegemeana walisema neno moja: sehemu ya wabebaji ni elektroni. Maelezo yaliyoshika ni kwamba chaji zinajipanga mistari ndani ya tabaka na kukatakata njia za elektroni, na kwa kweli mpangilio huo ulionekana kwa mbinu nyingine kuanzia 2011 na 2012. Mwaka 2016 wakaongeza sumaku mpaka tesla 88 na kuonyesha kwamba karibu na matundu 0.19 idadi ya wabebaji inaruka ghafla, kutoka sawa na matundu hadi moja zaidi ya matundu. Ni kana kwamba kila shaba, iliyokuwa imeifungia elektroni yake ndani, imeiruhusu itoke.

Sitakueleza mengi kuhusu ndugu yao wa tatu, jaribio la Nernst, ambako unaweka joto upande mmoja, sumaku upande wa pili, unasoma volti upande wa tatu. Mwaka 2000 kikundi cha Phuan Ong wa Princeton kilikuta ishara yake ikianza mbali sana juu ya mpito, wakasema vizingia vipo hata kabla ya usuperkondakta kukamilika. Baadaye wengine walionyesha kwamba mpangilio wa chaji nao unaweza kuzaa ishara ya namna hiyo. Mabishano yake ni marefu, na si ya kidonge chako.

Lakini kuhusu ile sifuri, nina kitu kimoja cha kukuonyesha. Kauri hizi zinapitisha umeme bila hasara na joto kwa shida. Kwenye mashine kubwa ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, yenye mzingo wa kilomita 27 karibu na Geneva, sumaku kuu zimezama kwenye heliamu ya kelvini 1.9 na zinataka mkondo wa hadi ampea 13,000 kutoka nje, kwenye halijoto ya chumba. Ukizipelekea kwa shaba mpaka mwisho, shaba hiyo itaingiza joto ndani na heliamu itachemka. Kwa hiyo upande wa baridi wa njia umewekwa tepe za kauri ya bismathi ndani ya aloi ya fedha na dhahabu, zaidi ya vipitishi 1,000 vya namna hiyo. Wazo hilohilo limejaribiwa kwenye vipozaji vya umeme: aloi ya bismathi na antimoni ni nzuri sana karibu na kelvini 80, lakini haina mwenza mzuri wa alama chanya, basi mguu wa pili unawekwa superkondakta. Namba yake ya Seebeck ni sifuri, hausaidii kupoza, lakini hauongezi joto la ukinzani hata chembe.

Sasa nenda maabara na upange kazi hivi. Pima Seebeck ya kidonge chako kwa halijoto ya chumba kabla ya kugusa naitrojeni, uandike. Kisha teremka taratibu, ukinzani na Seebeck kwa pamoja, kwenye kijiti kilekile, na uangalie kama zinafika sifuri mahali pamoja. Ukinzani ukifika sifuri mapema na Seebeck ikabaki na mkia, kagua nyaya zako na halijoto ya ncha ya moto, maana njia ya superkondakta ikishaunganisha nyaya za volti, volti ya joto nayo haiwezi kusimama. Baada ya hapo, chukua nusu ya pili ya kidonge, irudishe kwenye oksijeni usiku kucha, upime tena. Namba ikishuka kutoka 6 kuelekea 2 na mpito ukapanda kuelekea 93, utakuwa na nukta mbili kwenye kilima. Ya tatu itengeneze kwa kupunguza oksijeni makusudi, na uniandikie nione ulipoiweka.